Mmbone Asiambiwe

Jumanne, 3 Juni

Puncha nyingi leo. Mvua ya jana imefukua misumari yote ya Khayega. Vijana wa boda wananiita daktari wa magurudumu. Mimi mwenyewe ndiye niliwafundisha kuniita hivyo.

Nikiziba tairi huwa nawapa dunia bure. Juba nimeiendea na lori. Goma nimelala chini ya trela, mlima unatoa moto kama jiko la mandazi. Leo wakataka Italia. Nikawachorea kwenye matope: nchi nzima ina umbo la gambuti. Hawakuamini. Nikawaonyesha binti yangu Mmbone anakaa wapi, huku juu, mahali mguu unapoingilia. Mtoto wa kwanza wa Khayega kusoma Italia. Labda wa pili. Nani atahesabu.

Anasoma mambo ya maziwa. Chuo chake cha hapa kilimpeleka kwa muhula mmoja, na sasa muhula unaisha. Imebaki mitihani miwili. Huko mtihani ni wa mdomo. Unakaa mbele ya profesa, anakuuliza, unajibu. Mimi niliachia darasa la saba kwa sababu ya kuandika. Kama kungekuwa na mtihani wa mdomo Kenya hii, saa hii ningekuwa waziri.

Mchana nimefunga kibanda nikaenda hospitali. Mke wangu Rispa amekula vijiko vichache vya uji. Miguu imevimba tena. Kwa Mmbone tumesema ni malaria. Ni figo.

Alhamisi, 5 Juni

Daktari amenitoa nje ya wodi. Daktari akikutoa nje ya wodi, hakuna habari njema huko nje. Amesema figo zote mbili zimechoka. Mashine ya kusafisha damu inajaribu lakini mwili haushiki. Kijana mpole. Ameniita mzee wangu.

Nikarudi ndani na utani tayari mdomoni. Rispa akanikatiza.

"Baba Mmbone, wacha mchezo. Nimeona vile umetembea."

Nikaketi. Akanishika mkono. Mkono wake siku hizi ni mwepesi kama wa mtoto. Akasema Mmbone asiambiwe. Hata liwe jambo gani, asiambiwe mpaka amalize mtihani wa mwisho. Nikamwambia huo si uungwana, mtoto ana haki ya kujua. Akasema yeye alitolewa shule kidato cha pili kwenda matanga ya mama yake. Ilikuwa arudi Jumatatu. Hiyo Jumatatu anaingojea mpaka leo.

"Apa," akasema.

Nimeapa. Mimi ambaye nimeapa uongo mbele ya polisi wa mipaka minne. Hii nimeapa kweli.

Jumapili, 8 Juni

Leo Mmbone alitaka kumwona mama yake kwenye simu. Hatukuwa na njia ya kukwepa tena.

Tabitha, dada yake Rispa, alikuwa amekuja kutoka Mautuma tangu jana. Akamvalisha blauzi ya kanisa, akamfunga kitambaa cha buluu, akampaka mafuta usoni mpaka akang'aa. Tukamkalisha wima na mito mitatu nyuma. Ukuta wa wodi ni mweupe, basi tukasema ni ukuta wa kanisa. Dripu ikawekwa upande ambao simu haioni. Mimi ndiye nilishika simu. Nimeshika usukani wa tani thelathini kwenye mteremko wa matope na haukuwa mzito kama simu ile.

Rispa akaongea kama mtu mzima kabisa. Amemuuliza kama anakula. Amemuuliza kama kule wanajua ugali. Mmbone akacheka, akasema wana kitu cha unga wa mahindi cha manjano, laini, na wanajivunia eti ni chakula chao cha zamani. Rispa akasema, "Wafundishe obusuma, ugali wa kwetu, ushike mwiko uwaonyeshe." Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka pia. Tukasema ni mama mchungaji.

Simu ilipokatika Rispa aliteremka kwenye mito yote mitatu kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Jumatano, 11 Juni

Rispa amekwenda. Asubuhi. Nilikuwa nimetoka kununua uji. Niliporudi pazia lilikuwa limevutwa.

Nimeandika na bado sijaelewa nimeandika nini.

Uji nimempa mama wa kitanda cha pili.

Ijumaa, 13 Juni

Kikao nyumbani. Ndugu yangu mkubwa Lihanda alitaka tuzike Jumamosi ijayo, ndivyo ukoo wetu unavyofanya, mtu hakai baridi wiki na wiki. Nikasema hapana. Mmbone ni mtoto pekee. Hawezi kuteremka kwenye ndege akute udongo umeshakauka. Anamaliza mtihani Jumanne tarehe ishirini na nne, tiketi yake ya ndege ilishakatwa zamani na chuo, kesho yake anaondoka. Tumzike Rispa Jumamosi ile ya tarehe ishirini na nane, mtoto akiwepo.

Lihanda akasema, "Sawa. Na hizo siku zote nani atakuwa anaongea na mtoto?"

Papo hapo wote wakanigeukia. Hata kuku aliyekuwa mlangoni.

"Ambani, wewe ndiye mwongo wa familia," Lihanda akasema. Hakusema kwa ubaya. Akasema vile mtu anasema wewe ndiye unajua kuchinja.

Nimekubali. Nikaenda stendi ya boda nikawaapisha vijana wote. Hakuna picha ya Rispa kwenye simu. Hakuna mshumaa, hakuna "pumzika kwa amani", hakuna kundi la matanga. Atakayeweka, tairi lake sitalifungua wala kuliziba maisha yangu yote. Wameshika midomo yao. Mmoja alikuwa analia. Rispa alikuwa akimpa chai kila akipita.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimepiga uongo wa kwanza mkubwa. Niuandike, maana ulikuwa wa daraja la juu.

Nyumbani kumejaa watu. Wanakuja kwa vilio kama kawaida, kutoka huko barabarani mikono kichwani. Mmbone akapiga. Nikakimbilia ndani ya mahindi, yananifika kiunoni tu, nikachuchumaa. Nikamwambia mama amepona malaria, ameenda Mautuma kumsaidia Tabitha kupalilia, na huko mtandao ni wa kupanda juu ya mti. Akaamini. Akauliza mbona niko kwenye mahindi. Nikasema nakagua wadudu. Akasema, "Baba, wewe unakagua wadudu tangu lini?" Nikasema tangu nizeeke.

Halafu hapo hapo wamama wa Shinyalu wakaingia na kilio cha nguvu. Kilifika mpaka Italia.

"Nini hiyo?"

"Kwaya," nikasema. "Inafanya mazoezi. Sauti ya pili ni mbovu, watashindwa."

Akacheka. Akasema amechoka, anakariri mpaka anaota bakteria wa maziwa wakimuuliza maswali kwa Kiitaliano. Akasema kila akichoka anajiambia mama anangoja matokeo.

Simu ikakatika. Nikabaki kule ndani ya mahindi. Nimepiga magoti. Lihanda amekuja kunitoa, amenipangusa matope magotini kama mtoto.

Jumatano, 18 Juni

Simu ya Rispa ninayo mimi. Mmbone huiandikia ujumbe, mimi hujibu. Najitahidi. Naandika "Mungu akubariki mwanangu" mwisho, vile Rispa alikuwa akiandika.

Leo ameandika: Mama, mbona siku hizi unachekesha kama baba?

Nikausoma nikiwa nimesimama. Nikaketi. Kumbe hata nikijificha ndani ya marehemu, mdomo wangu unatokeza.

Nimejibu: Nimeishi naye miaka mingi, ameniambukiza.

Akatuma kicheko. Nimeizima hiyo simu. Nimemwambia Tabitha aiweke, sitaki kuishika tena.

Nimechoka kuwa hodari.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimeenda mjini kupeleka tangazo la kifo redioni. Kwetu mtu hajafa mpaka redio ya Kiluhya iseme. Kuna watu wa Rispa huko Matete, kuna wengine Mumias waliosilimu, shangazi zake, watu wa simu za zamani. Wasipolisikia redioni hawatakuja, na watanung'unika miaka kumi.

Nilifikiria Mmbone, sikufanya bila kufikiria. Lakini mimi nimeendesha lori. Najua redio yetu inaishia wapi. Ukipita Eldoret inaanza kukohoa, ukifika Nakuru ni kelele tupu. Italia ni mbali na Nakuru. Nikajiambia simu nimezifunga zote, redio haina shida.

Dada wa pale mezani ni mtu wa adabu. Ameandika jina la Rispa, binti ya nani, mke wa nani, atazikwa lini, wapi. Kisha akaniuliza, "Watoto?"

Nilitakiwa kusema mmoja. Basi. Mmoja.

Nikasema, "Andika: mama mpendwa wa Mmbone, ambaye yuko masomoni Italia." Akainua macho. "Italia?" Nikasema Italia ile ile. Akaniambia hongera, kisha akakumbuka akasema pole. Mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye foleni na tangazo lake akanigeukia, akanipa mkono.

Nimerudi nyumbani nikijisikia vizuri kidogo. Mara ya kwanza tangu Rispa. Nimemfanyia tangazo zuri.

Ijumaa, 20 Juni

Limesomwa jioni. Nilikuwa kibandani, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Vijana wa stendi wakazima pikipiki. Mtangazaji ana sauti nzito ya kwenda na jambo kama hili. Alipofika kwa Italia, vijana wakatikisa vichwa. Mama wa mboga ng'ambo ya barabara akaacha kupanga nyanya.

Watalirudia kesho mchana.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike polepole.

Mchana nilikuwa na tairi ndani ya beseni la maji natafuta mahali linapotoa hewa. Simu ikalia. Mmbone. Jumamosi huwa hapigi.

"Baba, nipe mama."

Nikaanza. Nimezoea sasa, inatoka yenyewe. Nikasema mama bado yuko Mautuma. Nikasema amepalilia mpaka majirani wanakuja kutazama. Nikasema ameongeza mwili hata, Tabitha anamchinjia ingokho, kuku mzima, kila siku kama mgeni wa harusi. Mmbone alikuwa kimya. Nikadhani ni mtandao, nikaongeza. Nikasema mbuzi wa Tabitha amezaa mapacha na mama amempa mmoja jina la Mmbone. Nikasema ametuma salamu, na anataka aletewe kitambaa cha kichwa cha huko, chenye maua, asifanane na mtu Khayega nzima.

Aliniacha nikamaliza yote.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema nimemaliza.

"Nimesikia redio, baba. Nilikuwa napika."

Kisha simu ikakatika.

Tairi lilikuwa bado linatoa povu ndani ya maji. Mwenye tairi akaniuliza kama nimepata mahali. Nikamwambia nimepata.

Jumapili, 22 Juni

Simu yake imezimwa.

Tabitha ndiye amenieleza. Kumbe siku hizi redio inaingia ndani ya simu, inaenda popote. Mmbone huifungulia kila Jumamosi akipika, asikie Kiluhya, nyumba ichangamke. Aliwaambia Tabitha na Rispa zamani. Mimi hakuniambia kwa sababu mimi kwenye simu sinyamazi mtu aniambie kitu.

Lihanda amenikemea mbele ya watu. Tabitha hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mboga, akasema bila kuniangalia:

"Ulitaka Khayega ijue una mtoto Italia, shemeji. Sasa na Italia imejua."

Afadhali kelele za Lihanda.

Jumatatu, 23 Juni

Imezimwa.

Kesho ni mtihani wa mwisho. Rispa aliniomba kitu kimoja. Hakuniomba pesa, hakuniomba jeneza la vioo. Alisema mtoto asiambiwe. Na mimi sikumwambia mtoto, niliiambia kaunti nzima.

Nawaza yuko peke yake katika chumba, hana hata mtu wa kulia naye kwa lugha yake. Msiba wa kwetu unaliwa na watu wengi. Wake ameukalia peke yake kama chakula cha jela.

Sijafungua kibanda. Vijana wamekuja wawili wawili kuniangalia, wanajifanya wanaomba maji.

Jumanne, 24 Juni

Nimeshinda na simu mkononi. Saa nane mchana ukaingia ujumbe wa neno moja.

Nimefanya.

Nimeusoma kwa Lihanda, kwa Tabitha, kwa wamama jikoni. Wamepiga makofi kidogo, halafu wakaacha, kila mmoja akaona aibu.

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikamwambia Rispa. Amefanya, Mama Mmbone. Sijui amefanyaje lakini amefanya. Nimeuambia ukuta, ndiyo. Nani ananiona.

Alhamisi, 26 Juni

Ametua Kisumu asubuhi. Tulienda na Probox ya Lihanda, mimi, Lihanda na Tabitha. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nayo mazuri.

Akatoka akivuta begi, amekonda, nywele za kusuka ndefu mpaka kiunoni. Nikasogea mbele. Akanipita. Hakunipita kwa hasira, akanipita vile unapita mlango wa nyumba ambayo si yako. Akaenda kwa Tabitha, akaweka kichwa pale shingoni, na kilio kilichotoka hapo sijakisikia popote, na mimi nimelala kwenye nchi za vita. Watu wa uwanja walisimama na mabegi yao.

Nilibeba begi. Ndicho nilichofanya. Nilibeba begi.

Kwenye gari alikaa nyuma na Tabitha. Majengo, Mbale, Chavakali, mpaka Khayega hakuna aliyeongea. Nilitaka kusema mahindi ya mwaka huu ni mazuri. Nikanyamaza. Pengine ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

Hakuingia nyumbani. Kwetu ukichelewa msiba huingii nyumba kabla hujamlilia marehemu, na marehemu bado alikuwa mochari. Basi akasimama uani chini ya mwamvuli wa Tabitha, mvua inapiga, akakataa kiti, mpaka Lihanda akageuza gari akampeleka Kakamega kumwona mama yake. Mimi hawakuniita.

Ijumaa, 27 Juni

Mwili umefika nyumbani. Mmbone ndiye aliyemvalisha, pamoja na Tabitha na wamama wa kanisa. Walifunga mlango. Nilikaa nje na wanaume. Nilimsikia akiongea ndani, sauti ya chini, muda mrefu, lakini si kama anaomba. Kama anasimulia safari.

Alipotoka nikaona Rispa amefungwa kitambaa kipya kichwani. Cha Italia. Chenye maua.

Nikafikiri amekinunua kwa sababu ya uongo wangu. Nikamuuliza Tabitha. Tabitha akasema hapana, alikinunua mwezi wa nne. Akasema kila kitu si wewe, shemeji.

Jumamosi, 28 Juni

Tumemzika Rispa.

Watu wengi kweli. Wa Matete walikuja. Wa Mumias walikuja na kofia zao, wakatusalimia asalaam aleikum, wakasimama kwa heshima mpaka mwisho. Wengi walisema wamesikia redioni. Walidhani wananifurahisha.

Mchungaji akaniita niongee kama mume. Walikuwa wameanza kutabasamu kabla sijashika maiki, wakingoja. Nimechekesha matanga ya nusu ya hawa watu. Nikasimama pale. Hakuna kilichokuja. Nikasema, "Alikuwa mtu mzuri kunizidi," nikarudisha maiki.

Mmbone akaongea baada yangu. Hakulia. Akawaambia habari ya mtihani. Alisema aliingia kwa profesa macho yamevimba, profesa akadhani anaogopa, akamwambia atulie, si lazima afanye leo. Akasema hapana, nafanya leo. Akajibu kila swali huku machozi yanashuka tu yenyewe, anayapangusa kwa kiganja, anaendelea na bakteria. Mwishoni profesa akamuuliza kama kuna mtu anaweza kumpigia simu. Mmbone akamjibu, "Ndiyo maana nalia."

Akashika maiki kwa mikono miwili.

"Mama aliogopa nisirudi shule kwa sababu yake," akasema. "Nimemaliza, mama. Lakini ningemaliza hata kama ningeambiwa. Mngeniuliza."

Hakunitazama aliposema mngeniuliza. Hakuhitaji.

Akatupa udongo wa kwanza. Mimi wa pili.

Jumapili, 29 Juni

Watu wanaondoka. Masufuria yanarudishwa kwa wenyewe. Mmbone amelala siku nzima kitandani kwa mama yake. Mimi niko kochini.

Tabitha ameniambia nimpe muda. Nikauliza muda kiasi gani. Akasema, "Unaona? Unataka hata msamaha ufike kabla ya mvua."

Jumanne, 1 Julai

Siku ya kunyoa, ya kumaliza matanga. Mzee wa ukoo amekuja na wembe mpya. Kwa wasichana wa siku hizi wanakata kishungi kidogo tu cha nyuma, yatosha. Wamama walimwambia hivyo Mmbone, nywele hizo amezisukia ng'ambo, zimekula siku mbili. Akasema zote. Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, zikawa zinaanguka miguuni mwake kamba kamba. Mimi nilifuata. Zangu hazikuchukua muda, zilikuwa chache.

Tabitha amerudi Mautuma mchana. Lihanda ameenda kwake. Tumebaki wawili.

Mvua ilipoisha nilitoka kukaa barazani. Mmbone akatoka na vikombe viwili vya chai. Kimoja akaniwekea chini, karibu na mguu. Akaketi kwenye kile kigoda. Vichwa vyetu viwili vilikuwa vinang'aa vibaya sana. Nilikuwa na la kusema juu ya hilo, lilikuwa zuri, lilifika mpaka kwenye meno. Nikanywa chai.

Akapuliza chai yake.

Akaniuliza mama alikufaje. Akasema, "Usiongeze kitu, baba. Nikiona unaongeza nitaingia ndani."

Nikaanza na daktari alivyonitoa nje ya wodi. Nikasema mikono ya Rispa ilivyokuwa. Nikasema mito mitatu, na blauzi ya kanisa, na jinsi alivyoteremka simu ilipokatika. Yeye alikuwa anatazama mahindi. Nikasema kiapo. Nikasema kidato cha pili. Hilo hakuwa analijua, Rispa hakuwahi kumwambia. Aliuma mdomo wa chini.

Nikasema asubuhi ile niliondoka. Alikuwa macho. Sikumuaga, nilikuwa narudi sasa hivi. Nikasema nilisimama kwenye foleni ya uji nikiongea na watu, nikiwachekesha. Pengine ningerudi mapema.

Hapo nikakwama. Pikipiki za boda zinapita huko barabarani, mtu anapiga honi. Chai ilikuwa imepoa.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.